Taa ya Kijani Kwenye Tanuri

Jumanne, 3 Juni

Daftari hili nililinunua la kuandikia saa za milipuko ya gemu. Kurasa za mbele zote milipuko tu. Leo nimeamua kuandika na maneno, maana umeme umekatika tangu saa nne na mdomo wangu umekosa mteja. Niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari! Mwalimu aliniambia, Redio, ungekuwa unafikiri kama unavyoandika ungefika mbali.

Redio ndiyo mimi. Jina kanipa mama. Eti sina kitufe cha kuzimia.

Ofisi yangu ni chumba kimoja, zamani kilikuwa cha kinyozi. Vioo bado vipo ukutani na kiti cha kuzunguka bado kipo. Skrini tatu, pedi sita za kuchezea — nzima nne — friji la maji baridi, waya wa kuchajia simu wenye vichwa vingi kama joka la hadithi. Fotokopi pia natoa. Wazee wengine mpaka leo wanaingia wanakaa kwenye kile kiti wanyolewe. Nawafunga taulo kwanza, ndiyo nawaambia.

Gemu linalopendwa sasa ni lile la mwezi. Si mwezi wetu huu. Huu mpole, unaimbiwa. Ule hauimbiwi, unakimbiwa! Jina lake refu linang'ata ulimi, mimi na kaka tunauita Tanuri. Juu yake kuna sayari kubwa yenye mistari kama godoro, imeziba nusu ya mbingu. Kazi yake kuuvuta ule mwezi na kuuachia, kuuvuta na kuuachia, mpaka matumbo yanachemka. Milima inatapika moto. Theluji yake ya njano, kiberiti kitupu, ikikugusa inatoboa vazi. Wewe unachimba chuma, unajenga kibanda, unajaza oksijeni. Ukifa umekufa. Mtu wako anafutwa, unaanza upya na vazi la viraka. Fundi Viatu wa hapo nje amekufa mara kumi na moja. Jana alikufa hata hajashuka kwenye chombo — kafungua mlango kabla ya kuvaa kofia! Nikamwambia, fundi, wewe tutakuzika kwa jumla, rejareja tumechoka.

Umeme umerudi. Saa kumi na moja kamili kaka akaingia, kama kila siku. Kaka yuko machimboni, machimbo ya kweli, siku mbili kwa basi. Mtandao wa simu haufiki, ila kantini yao ina waifai. Akitoka zamu anakaa pale na simu yake, anakuja Tanuri. Kutwa kachimba, akipumzika anachimba! Ndiyo kaka huyo. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno. Tanuri anaongea.

Kibanda chetu kiko juu ya mwamba. Mlango mzito, unanitambua mimi tu niliyeujenga; mwingine lazima ashikiwe kwa ndani ndiyo apite. Kaka akifika anagonga: mbili, anatulia, moja. Baba ndivyo alivyokuwa anagonga. Hatujawahi kulizungumza hilo. Nikisikia nafungua, basi.

Shemeji, mke wa kaka, hachezi. Gemu kaliweka kwenye simu yake kwa ajili ya taa tu. Kaka akiingia, jina lake linawaka taa ya kijani. Shemeji akiona kijani anajua mume katoka shimoni mzima, na yeye anabandika sufuria. Nilimwekea mimi. Ilikuwa ya kuombea msamaha, maana mwaka jana nilimpigia kwa namba ngeni, kwa sauti ya kaka: "Nimepewa likizo, niko stendi, njoo unipokee." Akasuka nywele, akaenda. Alikaa kwenye benchi mpaka basi la mwisho likaondoka. Siku tisa hakunisemesha. Na mimi nilicheka siku tisa.


Jumatano, 4 Juni

Kaka leo alikuwa na haraka. Kasema kule kwao mwamba unatoka jasho na nguzo zinalia. Nikamwambia hata huku kunalia, sikiliza — kengele ya mlipuko ilikuwa imeanza. Akacheka. Akasema afadhali huko kwenu, mna kengele.

Tulikuwa ng'ambo ya mto wa moto. Mimi nikatangulia kuvuka kwenye mawe yanayoelea juu ya moto, nikashike mlango. Yeye nyuma na sanduku la chuma. Mara kasimama. Kasema ngoja, naitwa, namshikia mwenzangu zamu, mkewe anaumwa. Kasema: "Nishikie mlango, narudi."

Akatoka. Mtu wake kabaki palepale ng'ambo, amesimama, sanduku mkononi, kama aliyetumwa dukani akasahau kitu gani. Tanuri ndivyo ilivyo, wewe unatoka, mwili unabaki.

Nilishika mlango mpaka oksijeni ikabaki robo. Nikafunga. Nikatukana kidogo.


Alhamisi, 5 Juni

Kaka hajaingia. Saa kumi na moja, na nusu, kumi na mbili. Shemeji kapiga simu mara tatu: Redio, taa yangu imeharibika? Nikamwambia taa nzima, mumeo ndiye kaungua balbu. Akacheka kwa heshima tu.

Fundi Viatu kafa tena. Kiberiti.


Ijumaa, 6 Juni

Machimbo yameanguka. Jumatano jioni. Juzi! Tumesikia leo kwa dereva wa lori, kabla hata redio haijasema.

Kampuni wametoa namba. Nilipiga mpaka kidole kikawa na joto. Mwisho akapokea mwanamume mmoja, nyuma yake watu wanapiga kelele. Kataja waliomo kwenye daftari la zamu: wanane. Kaka hayumo. Mama akashika kifua, akasema ahsante Mungu. Mimi nikasema hapana. Alikuwa anamshikia mwenzake zamu. Bwana kasema la huyo mwenzake lilikatwa alipokosekana, basi kaka kashuka bila kuandikwa. Na mwenzake mwenyewe haonekani, kajificha, anaogopa kufukuzwa kazi. Nilimsikia kaka kwa masikio yangu haya!

Yule bwana kasema jina litaongezwa kwa neno la familia, lakini anataka aliyeandikwa kwenye fomu ya kaka. Ni shemeji. Shemeji akachukua simu, akasema mume wangu yuko chini. Wakaandika. Waliokuwa chini wakawa tisa.

Wanachimba kwa mashine kutoka ubavuni. Subirini, kasema. Subirini.


Jumamosi, 7 Juni

Tumesubiri.

Mama hali. Shemeji kahamia kwa mama, kakaa kwenye mkeka na simu mapajani, anaangalia jina la kaka. Jina lina doa la kijivu. Majirani wanakuja wanasema poleni, halafu wananiangalia mimi, wanasubiri niseme kitu cha kuchekesha. Sina.

Nimefungua ofisi mchana kwa sababu nyumbani mikono haina kazi. Nikaingia Tanuri. Kaka bado amesimama ng'ambo. Nikaangalia daftari. Kila siku ya saba ile sayari inasogea karibu na moto unajaa bonde lote. Kwa hesabu yangu, kesho saa tisa alasiri. Pale aliposimama panafunikwa.

Unaweza kumbeba mwenzako asiye hewani, ila si juu ya yale mawe. Ukikanyaga na mzigo wa mtu yanazama. Lazima avuke mwenyewe.

Najua ni picha. Najua! Sijawa mjinga.


Jumapili, 8 Juni

Nimefanya kitu.

Saa nane na nusu nilikuwa ofisini, mlango nimefunga. Kengele ya Tanuri ikaanza. Moto umekaribia miguu ya kaka. Namwona kwenye skrini, kashika sanduku, hajui. Mimi nina paswadi yake. Akaunti nilimfungulia mimi mwenyewe, paswadi ni jina langu mara mbili, redioredio, ili asisahau. Kwenye lile shimo la kweli siwezi kushika hata koleo. Hapa naweza. Basi ningefanyaje?

Nikaingia kama kaka kwenye skrini ya pili. Mtu wake akatikisika, akainua kichwa. Nikamvusha jiwe kwa jiwe. Sanduku nikaacha, samahani kaka. Nikampandisha mwambani mpaka mlangoni. Lakini mlango unataka mtu ndani! Nikasogeza kiti katikati ya skrini mbili, pedi moja kila mkono. Mkono wa kulia nikagonga. Mbili. Nikatulia. Moja.

Mkono wa kushoto nikafungua.

Nililia kama mtoto, mbele ya vioo vya kinyozi, kwa hiyo tulilia wengi.

Halafu nikasikia kelele kutoka nyumbani, mitaa miwili! Sikuelewa mpaka nilipomwona shemeji anakuja mbio barabarani, miguu mitupu, simu juu kama mtu anayepungia ndege. "Yuko hewani! Redio! Mume wangu yuko hewani!"

Taa. Sikufikiria taa. Naapa haikunijia kabisa kichwani.

Nilifungua mdomo. Yeye akanikumbatia. Nyuma yake mama anatembea bila fimbo. Mama! Wakasema kachoka tu, atakuwa kalala kantini, ndiyo maana hajibu meseji. Nikasema moyoni, nitawaambia tukifika nyumbani. Tukafika nyumbani mama akaomba chakula. Kala sahani nzima, tangu Ijumaa hajatia kitu. Nikasema basi amalize kwanza. Alipomaliza akalala.

Kesho asubuhi.


Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi taarifa ikasema waliobaki chini ni wanane. Nikaruka. Wamemtoa mmoja! Shemeji yuko anafua, anaimba. Akasema hapana, nimewapigia mimi jana, nimewaambia wa kwangu mzima wamfute, wasihangaike bure, wahangaikie wa wenzetu.

Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni.

Nikamwambia. Nimemwambia yote: paswadi, mawe, pedi mbili. Kaendelea kukamua shati. Shati la kaka. Nikamwambia mara ya pili. Akasema Redio, leo usianze. Nikaapa. Nikamwapia kaburi la baba. Akaniangalia sasa, akasema: "Hata siku ya msiba wa baba ulitania wachimba kaburi. Ulinidanganya amekuja, nikakaa stendi. Sasa unanidanganya hajaja."

Akaanika shati.

Nikapiga ofisi ya kampuni mwenyewe. Yuleyule bwana. Nikamwambia mrudisheni ndugu yangu kwenye orodha. Akauliza wewe nani. Mdogo wake. Akasema bwana mdogo, kwenye zamu hayumo, mke kamleta, mke kamtoa, na mke ndiye yuko kwenye fomu. Akimrudisha mke tutaandika. Nikasema mke haamini. Akauliza: "Haamini nini?" Nikaanza kumweleza habari za gemu, mwezi, moto, taa ya kijani. Nikajisikia mwenyewe ninavyosikika. Akakata.

Yaani mimi, maisha yangu yote nimeongea uongo watu wakacheka. Mara moja nimesema kweli — hakuna hata anayecheka.


Jumanne, 10 Juni

Mama kaamini. Nilimwambia asubuhi akiwa anachagua mchele. Sikumaliza hata sentensi ya pili. Akasema ukitania huwa unamwangalia mtu usoni kuona kama atacheka, sasa hivi unaangalia vidole vyako. Akaendelea kuchagua mchele. Chuya huku, mchele huku. Halafu nikaona anaziweka chuya kwenye mchele.

Hakunigombeza. Afadhali angenipiga.

Kamwita mjomba, mdogo wake. Mjomba kaondoka na basi la saa nne na picha ya kaka ya harusi, nusu nyingine ya picha kaikunja nyuma. Atafika Alhamisi, barabara ikikubali. Simu ikifika njia panda haishiki.

Taarifa ya mchana: wametoa watano. Wawili wazima! Walikuwa wanavutia hewa kwenye bomba. Kwa hiyo chini kuna hewa. Nilipiga kelele ya furaha, halafu nikahesabu. Watano kati ya wanane. Wamebaki watatu. Wakimaliza wanane wanazima mashine, wameshasema, maana dari linaendelea kudondoka.

Mama kaongea na shemeji faragha, nusu saa. Katoka anatikisa kichwa. Shemeji kasema mama, hata wewe kakuingiza kwenye mchezo wake.

Simu yake hampi mtu. Anaichaji kaishika mkononi.


Jumatano, 11 Juni

Asubuhi: saba. Mmoja mzima, mwingine hapana. Amebaki mmoja kwenye orodha. Ofisi yao inafungwa saa kumi, kesho mjomba ndiyo labda afike.

Saa tisa nilikwenda kwa shemeji. Sikuongea sana. Nikasema twende ofisini kwangu, ulete simu yako, uangalie mikono yangu. Kama ni utani usinisemeshe mpaka nife. Akaja. Fundi Viatu akatusalimia, akaona sura zetu, akarudi kwenye kiatu chake.

Kakaa kwenye kiti cha kinyozi. Kaangalia nywele zake kwenye kioo, akazishika. Simu mapajani, doa la kijivu. Nikamwambia angalia, shemeji. Nikaandika jina langu mara mbili.

Kaka akaamka kwenye skrini. Yuko ndani ya kibanda, kofia kichwani. Mapajani kwa shemeji, kijani.

Akaangalia simu. Akaangalia skrini. Akaangalia mikono yangu. Akasema mwinue mkono. Nikamwinua mkono. Akasema mgeuze. Nikamgeuza, uso wake ukatuelekea, kioo cha kofia kimejaa moto wa nje. Akasema mzime. Nikatoka, taa ikawa kijivu. Mwashe. Nikamwasha. Mzime. Mwashe. Mara nne. Mara ya nne hakusema mzime.

Nikasema shemeji, saa kumi kasoro dakika ishirini na tano. Piga simu. Waambie arudi kwenye orodha, sema ulikosea, sema shemeji yako mpumbavu, sema lolote.

Akashika simu. Nikafikiri anapiga. Akaandika kidogo, kwa kidole kimoja, polepole. Juu ya kichwa cha kaka kwenye skrini yakatokea maneno:

Umekula?

Nikasema shemeji, ni mimi. Akasema nimeiona mikono yako, sina macho? Nikasema basi piga. Akasema: "Nikipiga kumrudisha kule chini, ni mimi nimempeleka. Mwache kwanza ajibu."

Nimemwambia pengine yuko kwenye bomba, anavuta hewa, anangoja. Nimemwambia mashine itazimwa. Nimemwambia kila kitu ninachokijua, na mimi huwa siishiwi. Nimeishiwa. Nilijaribu kuichukua simu, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na mimi siwezi kumpokonya mke wa kaka. Namba wanaijua, sauti wanaitaka ya kwake.

Jibu nalijua. Kila siku ni lilelile: nimekula, wewe je. Maneno matatu. Sauti yake naiweza, mwandiko wake nauweza. Nikiandika, ataamini, hatapiga. Nisipoandika, anaendelea kungoja, hapigi.

Sijaandika kitu kule. Naandika huku, kwenye daftari la milipuko, maana pedi nimeiweka chini. Yeye anaiangalia skrini. Kaka amesimama anatuangalia.

Saa kumi kasoro kumi na mbili. Nimemwambia tena, shemeji, tafadhali. Kasema: "Shh. Labda anaandika."

Kasoro tisa.

Kengele ya Tanuri imeanza kulia. Hakuna kati yetu anayenyanyuka.